Beseni la Maji

Miaka thelathini na miwili nimeziba pancha
kando ya barabara iendayo Kutaisi,
na jambo moja nalijua: tundu halisemi uongo majini.
Unajaza tyubu upepo, unaizamisha,
unasubiri.
Povu linapopandia, hapo hapo.

Rovu lako, Lamara, tulilizoea.
Mama yako alikuwa nalo, na mama yake,
kule juu Svaneti ambako chumvi hufika imechoka.
Ulilifunika kwa skafu ya buluu
nami nikalibusu kama sehemu ya shingo,
hadi lilipoanza kukukaba usingizini,
ukikoroma kama pikipiki isiyotaka kuwaka.

Daktari Nugzar alitutajia hatari akihesabu vidole:
sauti yaweza kukauka,
madini ya damu yaweza kushuka, mikono ikafa ganzi,
damu yaweza kuvuja usiku wa kwanza.
Kidole cha nne alikigusa tu, akakiacha.
"Hilo ni nadra mno."
Sikuuliza. Nadra ni neno la watu wengine.

Ulipozinduka ukaniita, Murmani,
kwa sauti ile ile unayonigombezea,
na mimi nikalia mbele ya muuguzi.
Siku ya tatu, nyumbani.
Siku ya saba, nyuzi zikatolewa.
Siku ya tisa ukakanda unga, nikakukataza, ukakanda.
Siku ya kumi na moja ulikuwa ukivunja jozi za mchuzi
chembe ikakupalia
ukakohoa. Ukakohoa tena.
Kisha ukashika shingo, ukanitazama
kama mtu aliyesikia mlango ukifunguka
usiku, ndani ya nyumba ambayo wote wamelala.

Ikavimba mbele ya macho yangu.
Ikapanda mashavuni, ikashuka kifuani,
kope zikakaribia kufumba.
Niliweka kidole. Chini ya ngozi
kulichakarika, kama theluji kavu chini ya buti.
Haikuwa damu, haikuwa usaha.
Ilikuwa pumzi, Lamara,
pumzi yako mwenyewe imepotea njia.
Nami fundi nilijua kabla ya daktari yeyote
na nikaona aibu kujua.

Gari la wagonjwa lilisimama mara mbili
kwa sababu ya ng'ombe waliolala barabarani, kama kawaida yao.
Sijawahi kutukana mnyama vile.

Nugzar alikuja bila koti, viatu havijafungwa.
"Kuna mahali kifaa cha moto kiligusa
nilipokuwa nazuia damu," alisema. Hakutafuta pa kujificha.
"Siku ile koo la hewa lilikuwa zima. Nililitazama.
Limekufa polepole, pale pale, pana la ukucha."
Nilitikisa kichwa. Tairi likiumwa na jiwe Aprili
hupasuka Mei,
na mwenye gari huilaumu Mei.

Alfajiri akatoka, kofia imemlowa jasho.
Akaniambia walivyolitafuta:
walimwaga maji kwenye kidonda,
daktari wa usingizi akasukuma hewa taratibu,
nao wote wakainama
wakisubiri povu.
Nilicheka. Nilicheka nikashika ukuta,
akadhani akili imeniruka.
Tundu lilikuwa dogo kama kichwa cha kiberiti.
Kiraka wamekata kwenye msuli wa shingo yako;
walishona, wakamwaga maji tena, kimya.
Gundi sikuuliza.

Sasa umelala ubavu wa dirishani na mimi nahesabu.
Ukisafisha koo, nimeshakaa kitako.
Unasema, "Murmani, ni koo tu, lala."
Skafu ya buluu umeifanya kitambaa cha kufutia meza.

Jana kijana wa baiskeli aliinamia beseni langu.
Hakuna povu. Akauliza, kitadumu?
Zamani ningejibu: kuliko baiskeli yenyewe.
Nilifuta mikono muda mrefu.
Nikamwambia apite tena
siku ya kumi na moja, nikitazame.